Jibu Sahihi, Njia Siyo Yetu

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimekubali. Kuanzia kesho kutwa, kila alasiri nikitoka sekondari, nitafundisha hisabati kwenye ukumbi wa parokia hapa Rusimbi, Kigoma. Wanafunzi ni vijana wanaotaka kwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi. Aliyenishawishi ni Injinia Vedasto wa idara ya ujenzi, Mhaya asiyejua kulipokea neno hapana. Kanisa linafadhili nafasi mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mkimbizi, na mtihani utakuwa Machi.

"Akili wanazo, Mwalimu Agnesi," aliniambia. "Wanachokosa ni msingi. Mtu anataka kujenga daraja, na sehemu mbili hawezi kuzijumlisha."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu mimi ni mkali. Nilifurahi kuambiwa hivyo, sijui kwa nini.

Jumatano, 6 Novemba

Wamekuja tisa. Mvua ilianza tulipofika tu kwenye sehemu na asilimia, na bati la ukumbi likapiga kelele hadi nikawa naandika ubaoni bila kusema neno. Walinakili. Nusu yao hawajui kwa nini sehemu mbili zitafutiwe asili moja kabla ya kujumlishwa. Wanajua tu kwamba ndivyo inavyofanywa.

Nimewaona wawili. Bariki, mtoto wa karani wa bandarini, ana akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwingine ni Leonia, msichana wa miaka ishirini na miwili hivi. Amevuka ziwa kutoka Uvira mwezi uliopita na mama yake. Kule alikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, vita ikamkatisha, na vyeti vyake vyote vilibaki ndani ya nyumba ambayo hajui kama bado imesimama. Wamewekwa kwenye chumba nyuma ya parokia. Kibali chao cha kukaa mjini kinaishia kwenye mtihani: akishinda, Dar, akishindwa, kambini na wenzake.

Nilimwuliza kama anaona aibu kuanza tena na sehemu na asilimia.

"Hapana, Mwalimu. Nimepoteza vingi. Hii naweza kuiokota."

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Migebuka, samaki wa ziwa hili, imepanda bei sokoni. Mji umejaa wakimbizi, hata uwanja wa mpira una maturubai.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nilimkuta Leonia anagawanya namba kinyume. Sisi tunaweka namba inayogawa kushoto, yeye anaiweka kulia, ndani ya kona, na jibu analiandika chini yake. Nikamwuliza nani kamfundisha hivyo.

"Njo hivi kwetu, Mwalimu. Wote tunafanya hivi."

Jibu lilikuwa sahihi. Nikamwambia hapa tunaanzia kushoto. Akafuta, akaanza upya.

Kuna jambo la maana zaidi. Anapoandika mbili na nusu anaweka mkato, 2,5, na nukta anaitumia kutenga maelfu. Hilo nililisimamia. Nikawaambia darasa zima: ukichora nguzo ukaandika 1.250, mwingine akasoma mita moja na robo na mwingine elfu moja mia mbili na hamsini, kitakachojengwa hapo hakitasimama. Leonia aliandika yote niliyosema. Kwenye hili nilikuwa na haki, na hata sasa ninavyoandika najua nilikuwa na haki.

Jumatano, 20 Novemba

Logi. Bariki kauliza logi ina faida gani kwa mtu anayejenga choo. Wamecheka. Nami nimecheka.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimefanya jambo la kijinga. Nilikuwa nafundisha kujumlisha kasi zenye mielekeo tofauti, nikatafuta mfano wa karibu: mashua inaelekea mashariki kwa kasi ya mita nne kwa sekunde, mkondo unaisukuma kaskazini kwa mita tatu. Je, itasafiri kwa kasi gani, na upande gani? Niliandika bila kufikiri.

Leonia alimaliza kabla ya wote: mita tano, nyuzi thelathini na saba kutoka mashariki. Akaweka kalamu, akasema taratibu, bila kumlaumu mtu, "Mashua yetu haikwenda hivi."

Akatoka nje akasimama barazani kwenye manyunyu. Bariki ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kaka yake Leonia alikuwa kwenye mashua ya pili, na mashua ya pili haikufika.

Nilipaswa kutoka nikamfuate. Niliendelea na swali la pili.

Ijumaa, 13 Desemba

Wamebaki saba. Wawili wamekata tamaa kwenye trigonometria. Leonia anaandika "tg" badala ya "tan". Nimemsahihisha tena.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya misa mama yake Leonia alinishika mikono yote miwili mlangoni mwa kanisa. Jina lake ni Veneranda. Ametoka milimani juu ya Uvira na anasema Kifuliiru tu, Kiswahili chake ni salamu. Alizungumza muda mrefu. Leonia akatafsiri kwa ufupi: "Anakutakia heri."

Nimekula peke yangu. Mwaka wa tano huu Kigoma, na kila Krismasi bado naitamani baridi ya kwetu Njombe.

Jumanne, 7 Januari 1997

Tumerudi darasani. Barabara ya kwenda Bangwe imekatika kwa maji na wanafunzi wawili hawakufika.

Alhamisi, 16 Januari

Siku mbaya. Naiandika yote.

Tulikuwa kwenye milinganyo ya kwadratiki. Niliandika ubaoni 3x² − 5x − 2 = 0, nikawaonyesha kanuni, nikaingiza namba zote kwa mkupuo mmoja kama ninavyofanya siku zote. Nikapata majibu mawili: la kwanza moja, la pili theluthi mbili. Nikageuka kuwaambia wanakili.

Leonia alinyoosha mkono. Hanyooshi mkono kamwe.

"Mwalimu, samahani. Ukiweka moja mahali pa x, haifiki sifuri."

Nikamwambia aje aonyeshe, nikiamini amekosea. Alikuja na chaki akaandika kwanza herufi ya Kigiriki, delta, ile ya pembetatu. Akatafuta delta, ile sehemu ya kanuni iliyo ndani ya kipeuo, peke yake, mbali na kitu kingine chochote: ishirini na tano, kutoa nne mara tatu mara hasi mbili. Hasi na hasi zikawa chanya. Arobaini na tisa. Akaiandika pembeni, akaizungushia mstari, ndipo akatafuta mzizi wa kwanza, kisha wa pili. Mbili, na hasi theluthi. Akaiingiza yote miwili kwenye mlinganyo, ukafika sifuri.

Mimi nilikuwa nimeacha alama ya hasi. Kosa ninalowachapia kila wiki.

Bariki akapiga mluzi. "Ee bwana! Mwalimu kapigwa chenga!"

Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Jibu ni sahihi. Njia siyo yetu. Futa, uandike kwa kanuni, kama nilivyofundisha."

Bariki akasema, safari hii bila utani, "Lakini Mwalimu, si jibu ni lile lile?"

"Bariki, wewe ndiye utakayesahihisha mtihani?"

Leonia alifuta. Alifuta polepole, kuanzia ile delta, kisha akaandika kwa njia yangu, na mkono wake ukawa unasita kila alama ilipobadilika. Alipomaliza akasema "Aksanti, Mwalimu," akarudi kukaa.

Ijumaa, 17 Januari

Nimejiambia ni kwa faida yake. Wasahihishaji wako Dar es Salaam, hawamjui, wataona mambo ya kigeni wakate alama. Ndivyo nilivyojiambia asubuhi nikipiga mswaki, na tena njiani.

Njia yake ni nzuri kuliko yangu. Mtu akitenga delta kwanza, hawezi kuisahau hasi.

Jumatatu, 27 Januari

Kila mara Leonia akitumia delta, namrudishia daftari. Anarudia kwa kanuni. Hanung'uniki. Kuna siku natamani anung'unike.

Jumanne, 4 Februari

Mvua mchana kutwa. Hakuna darasa.

Ijumaa, 14 Februari

Injinia Vedasto alipita nyumbani kuulizia maendeleo. Nilimpikia dagaa wa mawese, tukala. Nikamwuliza, kama kitu kilichonijia tu, wasahihishaji wanafanyaje mtu akitumia njia ya kigeni, kama delta, au kugawanya kwa mtindo wa kule ng'ambo.

"Hawana neno," akasema. "Jibu likiwa sahihi na hatua zinaonekana, anapewa alama zake zote. Mimi mwenyewe nimesoma na Wakongo. Ule mkato wa desimali tu arekebishe, huo unaleta balaa."

"Ameshaurekebisha."

"Basi mwache aende kwa miguu yake."

Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua kubwa. Darasa halikufanyika.

Jumatano, 19 Februari

Leo Leonia alifanya milinganyo mitano kwa kanuni bila kosa hata moja. Nikamsifu mbele ya wote. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nikaona nisimchanganye tena, amekwisha kuzoea. Zimebaki wiki chache.

Jumatatu, 3 Machi

Wanarudia maswali ya zamani. Bariki siku hizi ametulia. Nimegundua anatembea na Leonia hadi kwao kila jioni wakisoma njiani, na ni yeye aliyemwokoa Leonia kwenye trigonometria. Nilimdhania kijana wa maneno tu.

Jumamosi, 15 Machi

Mtihani, saa tatu mfululizo. Msimamizi alitoka Dar kwa treni, mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje barazani na mama yake Leonia, yeye na rozari yake, mimi na mikono mitupu. Hatuna lugha. Mvua ilinyesha ikakatika, ikanyesha tena.

Bariki alitoka wa kwanza, akasema ulikuwa mtamu. Leonia alitoka wa mwisho. Nikamwuliza vipi.

"Nimeandika, Mwalimu."

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Bado hatujasikia kitu.

Jumamosi, 12 Aprili

Matokeo. Injinia Vedasto aliyapata kwa simu ya posta, akaja nayo mwenyewe, na kabla hajasema nilijua kutokana na jinsi alivyovua kofia.

Bariki amefaulu vizuri sana. Leonia amekosa kwa alama chache. Nafasi ya mkimbizi haikupata mtu aliyefikia kiwango, kwa hiyo mwaka huu itabaki wazi. Haijachukuliwa na mtu. Itakaa tu huko Dar, kiti kitupu.

"Kilichomwangusha ni maswali mawili ya mwisho," akasema. "Hakuyagusa kabisa. Muda ulimwishia. Mtu mwepesi kama yule! Nini kilimpata?"

Nilikwenda kwa Leonia mara moja. Alikuwa anafua. Alikausha mikono, akanipa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kilichotokea, kama mtu anayeeleza hatua za swali.

"Nilianza kwa delta. Mkono wenyewe ulienda. Nikafika nusu, nikasikia unasema, njia siyo yetu. Nikafuta. Nikaandika kwa kanuni. Halafu sikuamini alama, nikaitafuta delta pembeni nione kama vinalingana. Vililingana. Swali la kugawanya, vilevile. Kila swali nimelifanya mara mbili, Mwalimu. Moja langu, moja lenu. Wakasema muda umekwisha."

Nikasema, "Leonia..."

"Hapana, si kosa lako. Ulitaka nishinde."

Sikumwambia ya Februari. Mama yake alikuwa mlangoni anatutazama. Niliaga.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwomba Injinia Vedasto apige simu tena, awaeleze, wampe hata mtihani wa pili. Kapiga nami nikiwa kando yake. Wamejibu kwa upole kwamba kiwango ni kiwango, ajaribu mwakani.

"Mwakani atakuwa kambini," nikasema.

"Najua," akasema. Kisha akaniangalia. "Si nilikwambia umwache aende kwa miguu yake?"

Nilitamani angesema kwa hasira.

Alhamisi, 17 Aprili

Kibali kimekwisha. Lori limewachukua asubuhi, wao na familia nyingine tatu. Nilikuwa darasani, form two, nafundisha eneo la duara. Ningeweza kuomba ruhusa.

Jumapili, 20 Aprili

Bariki alikuja kuaga, kesho anapanda treni. Baba yake amemshonea suruali mpya. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, shikamoo tena. Nimekuja kushukuru." Akainyoosha suruali magotini. "Ile delta, mimi niliitumia kwenye mtihani. Leonia ndiye alinifundisha, njiani. Wamenipa alama zote."

"Vizuri," nikasema.

"Nilimwambia naye aitumie. Akaniambia hawezi kumvunjia Mwalimu heshima."

Nilimpa karanga za njiani. Alipotoka nilikaa pale pale mpaka jiko likazimika.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua zinapungua. Sijisikii kuandika.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetoka kambini.

Nilipanda lori la parokia lililopeleka mablanketi upande wa Kasulu. Tulikwama kwenye matope mara kadhaa na tukafika jua limeshakuwa kali. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilitaka kumwambia aendelee kujisomea, nimletee vitabu, nije kila mwezi, mwakani arudie. Ndani ya mkoba nilikuwa na kitabu cha majedwali ya logi.

Leonia alikuwa mbele ya turubai lao anashona sketi ya shule kwa mkono. Amejiunga na kikundi cha kina mama cha ushonaji. Alinyanyuka haraka, akanipokea mkoba, akaniita Mwalimu kama zamani. Mama yake alipiga vigelegele vidogo akaingia kuchochea moto.

Nikayasema niliyoyapanga. Alisikiliza akiendelea kushona.

"Hapana, Mwalimu. Aksanti. Nimejaribu. Nikishika kalamu, nasikia watu wawili wanabishana. Sindano haina mabishano." Akauma uzi kwa meno. "Labda itapita. Sijui."

"Kitabu nikiache?"

"Wape watoto wa shule ya hapa. Kitawafaa."

Mama alileta maharage na ugali wa njano, ule wa mgao. Aliniwekea mimi sahani iliyojaa, wao wakachukua moja kwa wote wawili. Nilipokataa alitikisa kichwa kwa nguvu. Kisha akaketi mbele yangu, akanishika mikono kama siku ile ya Krismasi, akaanza kusema. Alisema kwa muda, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Leonia alitafsiri akiangalia sketi. "Anasema tulipofika ng'ambo hii watu walitutazama kama mzigo uliodondoka barabarani. Anasema wewe ulimpa mwanawe kiti na daftari ukamwita kwa jina lake. Anasema hana kitu cha kukupa, anakuombea."

Nililirudisha tonge sahanini.

"Mwambie," nikasema, "mimi ndiye niliyekukosesha ile nafasi."

"Mwalimu, nilishasema si..."

"Mwambie nilijua. Injinia Vedasto aliniambia Februari kwamba njia yako inakubalika, unapata alama zako zote. Nilisema nitakwambia. Mvua ikanyesha, darasa likaahirishwa, halafu nikakuona umezoea njia yangu nikafurahi. Nikanyamaza."

Sindano ilisimama.

"Tangu Februari?"

"Tangu Februari."

Alinitazama usoni. Katika miezi yote ile hajawahi kunitazama hivyo. Siku zote aliniangalia mikononi, kwenye chaki. Mama yake akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akauliza neno moja kwa lugha yao. Akauliza tena.

"Hilo sitalitafsiri," Leonia akasema.

"Nakuomba."

"Hapana. Ulilobeba ni lako, Mwalimu. Mama hana watu wengi wa kuwashukuru upande huu wa ziwa. Nikimwondolea wewe, namwachia nani?"

Akageuka, akamwambia mama yake maneno machache kwa sauti ya kawaida kabisa. Uso wa mama ukafunguka. Akacheka, akanipigapiga gotini, akachota upawa mwingine wa maharage akaniongezea juu ya yale niliyokuwa sijayagusa.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia umesema chakula ni kitamu," akasema Leonia, akaokota sindano yake.

Dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Mama alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikala. Nilikula mpaka sahani ikaisha.